Fito Ni Zile Zile

Asubuhi ya mwisho ya kawaida waliyokaa pamoja, mke alikuwa anapuliza chai na mume anatafuta soksi. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Jirani anafagia. Hakuna kingine.

"Iko mguuni," mke akasema.

"Nini?"

"Soksi yako. Umevaa mbili mguu mmoja."

Mume akainama kutazama. Kweli, mguu wa kulia ulikuwa na soksi mbili na wa kushoto hauna kitu.

"Uzee huo," akasema.

"Wa nani? Mimi nazeeka humu humu ndani na sijavaa mbili."

Akacheka kwa pua, kama alivyozoea, akarudi kwenye chai yake. Mikono iliyoshika kikombe ilikuwa imepauka na kupasuka pasuka kwenye viungo. Siku za kazi hakupaka mafuta kamwe. Mafuta ya mkononi yakigusa kipande kilichooshwa, kipande kimeharibika. Siku ya mapumziko ndiyo aliipaka mpaka ikang'aa, na mumewe akamtania kwamba leo amekuja na mikono ya bibi harusi.

"Hizi fito za juzi," mke akasema, "ni zile zile?"

"Zile zile."

"Zinanikatalia kidogo."

"Zinakukataliaje?"

"Kavu. Msasa unateleza tu, kama hauzijui."

Mume alikuwa anavua soksi moja ili aihamishie mguu wa pili. Hakuinua kichwa.

"Fito ni zile zile, mwenzangu."

"Haya." Akamaliza chai, akasuuza kikombe. "Kama umesema wewe."

Wakafunga mlango, wakaenda kazini kwa miguu, yeye mbele kidogo kwa sababu mumewe alikuwa mzito wa kutembea.

Baada ya hapo waliishi pamoja miaka minne na kitu. Chai ilichemshwa kila siku. Asubuhi kama ile haikurudi.

Kazini walimwita Bi Msasa. Karakana ilikuwa ya vyumba vitano vilivyofuatana, inatengeneza vipande vya alumini vya mashine za watu wengine: pete, vishikio, vifuniko, vitasa vya kuzungusha. Mumewe alikuwa chumba cha kwanza, kwenye mashine ya kukereza, inayozungusha ufito huku kisu kikiuchonga, na jina lake lilikuwa Mkerezaji. Yeye alikuwa chumba cha tatu, cha maandalizi. Kwa hiyo kila kitu alichoshika mke kilikuwa kimepita kwanza mikononi mwa mume. Watu walifanya mzaha na hilo. Walisema nyumba ile inaanza kazini.

Chumba cha nne kilikuwa na bafu la asidi. Humo vipande vilining'inizwa kwa waya, umeme ukapitishwa, na juu ya alumini ikaota ngozi ngumu. Wao waliita hivyo, kuvisha ngozi. Ngozi ile ikiwa bado changa hunywa rangi, bluu, nyeusi, nyekundu, upendavyo, kisha inachemshwa ifunge. Ikifunga haikwanguki kwa ukucha wala haioshwi.

Watu wa nje hudhani kazi iko kwenye rangi. Rangi haifichi kitu. Mkwaruzo ulioachwa chini utauona juu, tena umenenepa. Kidole cha mtu aliyeshika baada ya kuosha kitaonekana, mistari yake yote, na hakitatoka mpaka kipande chenyewe kitupwe. Ndiyo maana chumba cha tatu ndicho kilichoamua. Bi Msasa alisugua kwa msasa wa mia tatu na ishirini, akaja na mia nne, akamaliza na mia sita, kila mmoja ukielekea upande mmoja, hakuna kuzungusha zungusha. Akaosha kwa maji moto na sabuni. Akasuuza. Akavaa glavu, na tangu hapo hata nzi hakuruhusiwa kutua. Kisha akazamisha kwenye kostiki, soda kali inayokula uso wa alumini na kuacha masizi, akasuuza tena, akatoa masizi hayo kwa asidi nyingine.

Kipimo chake kilikuwa maji. Alimwagia kipande maji safi akakiinamisha. Maji yakitanda yote kama shuka, kipande ni kisafi. Yakijikusanya vitone vitone, kuna mafuta, rudi mwanzo. Mtu akija kumwambia kwamba ameshaosha vizuri, alijibu, "Usiniambie mimi. Yaambie maji."

Hakusoma. Kwenye kikadi cha kila sinia aliweka alama yake badala ya jina, duara lenye nukta katikati. Wateja waliijua. Kuna mmoja, akiliona duara lile, hakufungua hata karatasi kukagua, aliweka sinia ghalani akaendelea na shughuli zake. Bi Msasa alisimuliwa jambo hilo na dereva, akalikalia kimya wiki nzima, ndipo akamwambia mumewe wakiwa wanakunja nguo.

"Hafungui?"

"Hafungui."

"Basi wewe ni mkubwa."

"Kunja hiyo shuka vizuri."

Nyumba waliyoishi haikuwa yao na vitu vyao havikuwa vingi. Duara lenye nukta lilikuwa lake.

Mtoto hawakujaliwa, lakini walilea. Mdogo wake mume aliletwa kwao akiwa na miaka tisa, na begi moja na kikohozi. Bi Msasa alimlaza upande wake wa kitanda mwezi mzima mpaka kikohozi kikaisha, na mume akalala chini. Alimsomesha, alimfulia, alikwenda shuleni kusimama mbele ya mwalimu mkuu alipovunja dirisha. Alipomaliza masomo ni yeye aliyemwendea Bosi kumwombea nafasi. Kijana akaanza kwa kupanga masinia. Alikuwa na kichwa. Akapanda, akapanda tena, akawa msimamizi wa karakana yote, juu ya kaka yake na juu ya mama aliyemlea. Miaka yote alikuwa akimwita mama. Alipopewa usimamizi akaanza kumwita shemeji, kwanza kazini, halafu na nyumbani. Bi Msasa alisikia. Alisema tu kwamba cheo kina mdomo wake.

Sasa zile fito.

Ilikuja kazi ya pete mia tatu za bluu, za kushikilia vioo kwenye vifaa vya daktari wa macho. Mkerezaji alipewa fito mpya za alumini, akafunga wa kwanza kwenye mashine, akasogeza kisu. Alumini waliyoizoea ilitoa maranda marefu, yanajiviringa kama nywele za mtu aliyeamka, yanasonga kisu, unasimamisha mashine kila mara uyavute kwa ndoano. Hii ilikatika yenyewe. Maranda yalidondoka mafupi mafupi kama mchele. Kisu hakikulia. Kabla ya saa nane mchana alikuwa amefanya kazi ya siku nzima na mgongo haukumuuma.

Alifurahi. Hilo lazima lisemwe. Mikono ilifurahi kwanza, akili ikaja nyuma kuuliza.

Akili ilipouliza, jibu alikuwa nalo. Aliokota maranda, akayasugua kiganjani. Alumini inayokatika hivyo imetiwa shaba. Ni rafiki wa mkerezaji na adui wa ngozi. Kwenye bafu hupata mabaka, rangi inafifia, na hakuna msasa duniani wa kuisaidia. Fundi yeyote wa umri wake analijua hilo.

Akamwita mdogo wake.

"Hizi si zile."

"Kaka, punguza sauti."

"Nimepunguza. Zina shaba hizi."

"Kidogo tu. Muuzaji amesema zinashika ngozi."

"Wewe umemuuliza muuzaji?"

Msimamizi akatazama mlangoni, akasogea. "Zile za kawaida zimekwisha ghalani. Nilisahau kuagiza. Mteja anataka Ijumaa. Bosi akijua nilisahau, nimemwaga unga, kaka. Mara hii tu."

"Mwambie Bi Msasa."

"Nikimwambia atazikataa. Unamjua."

"Ndiyo umwambie."

"Kwa mikono ile ya shemeji hata jiwe lingekuwa kioo. Atazisugua, zitatoka. Wewe nisitiri tu. Akikuuliza, ni zile zile. Na pengine hata hatauliza."

Alikuwa na miaka thelathini na mitano na ndevu zake, lakini alisimama vile vile alivyosimama siku ya dirisha la shule, mguu mmoja juu ya mwingine. Mkerezaji akatazama maranda sakafuni. Hakusema ndiyo. Akawasha mashine.

Kesho yake jioni Bi Msasa alizigusa zile pete kwa msasa. Asubuhi iliyofuata, kwenye chai, akauliza. Na akajibiwa.

Siku hiyo hiyo alizizamisha kwenye kostiki. Pete huwa zinatoka na masizi mepesi ya kijivu. Hizi zilitoka nyeusi kama makalio ya sufuria. Alisimama nazo zikidondosha maji, akamwita msimamizi.

"Masizi gani haya?"

"Kostiki mpya, shemeji. Ina nguvu."

"Kostiki nimechanganya mwenyewe."

"Basi umezidisha."

"Mimi nimezidisha?"

"Umri, shemeji," akasema kwa kicheko, akampita.

Alizitia kwenye asidi ya kutoa masizi, mara moja, mara mbili. Zikawa nyeupe. Akazimwagia maji. Maji yakatanda kama shuka. Maji yalisema safi, na mumewe alisema ni zile zile. Mikono peke yake ndiyo iliyokuwa inakataa. Bi Msasa alishawahi kuweka kando sinia za Bosi mwenyewe kwa sababu mikono ilikataa, na Bosi akasubiri. Siku ile alikaa na kikadi mbele yake muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akachora duara, akatia nukta.

Fundi wa bafu alikuwa mtu mnene mwenye maneno mengi, nao walimwita Bafu, hakuna cha zaidi. Ndiye aliyezinyanyua kutoka kwenye rangi. Bluu ilikuwa imekuja kama moshi, na kila pete ilikuwa na baka la manjano mahali pake, kama mtu aliyepigwa ngumi juzi.

"Hawa wamelala wapi hawa?" akasema.

Msimamizi akachukua moja, akaigeuza kwenye mwanga. "Funga. Kwenye taa za mteja zitaonekana vizuri."

"Kwenye giza zitaonekana vizuri zaidi."

"Funga, Bafu."

Zikafungwa kwenye karatasi. Bi Msasa hakuziona. Alikuwa ameshaanza sinia nyingine.

Jumatatu zilirudi zote mia tatu, na kikadi juu yake. Mteja alikuwa yule yule asiyefungua. Safari hii alikuwa amezifungua vifaa vikiwa vimeshaanza kuunganishwa, mbele ya daktari aliyekuja kuvichukua. Alituma ujumbe mfupi: huyu mwenye duara asiguse tena kazi yangu.

Kesho yake jioni Bosi akawaita wote ofisini. Pete zilikuwa mezani juu ya kitambaa cheupe. Bosi hakuwa mtu wa kelele. Aliuliza tu, "Nini hiki?"

"Maandalizi, Bosi," msimamizi akasema. "Mafuta yalibaki."

"Hakuna mafuta hapo," akasema Bi Msasa. "Maji yalitanda."

"Yalitanda kwa macho yako, shemeji. Mimi nakuheshimu, wewe ni kama mama yangu, lakini macho si yale ya zamani."

"Hilo la mama liache nje. Sema la kazi."

"La kazi ni hilo. Mafuta."

Bi Msasa alichukua pete moja, akaipitishia kidole gumba kwa ndani, mahali ambapo msasa haufiki. Akairudisha.

"Alumini hii si yetu," akasema. "Muulizeni aliyeikereza. Muulizeni kama fito ni zile zile."

Wakamgeukia Mkerezaji. Alikuwa amesimama karibu na kabati, kofia mkononi. Hapa mtu anaweza kusema alishikwa ghafla. Hakushikwa ghafla. Tangu sinia ziliporudi alijua swali hilo linakuja, na kwamba litatoka kwa nani. Usiku na mchana wake wote ulikuwa umepita akilizunguka.

"Mimi nakereza ninachopewa," akasema.

"Sijauliza hilo," Bosi akasema. "Ni zile zile, au si zile zile?"

Mdogo wake alikuwa anatazama viatu vyake. Bi Msasa alikuwa hamtazami yeyote. Alikuwa ametulia kabisa, kama mtu aliyekwisha kuweka mzigo chini. Alikuwa na hakika na jibu.

"Zile zile," Mkerezaji akasema.

Neno lilimtoka kwa sauti ya kawaida, kama anayejibu saa ngapi. Ndipo mkewe alipogeuka akamtazama. Alimtazama jinsi anavyokagua kipande, kwa pembeni, kichwa kimeinama kidogo, ili mwanga upite juu yake.

"Basi ni mimi," akasema.

Bosi hakumfukuza. Alimhamishia chumba cha tano, kufunga vipande kwenye karatasi. Duara lenye nukta likaondolewa kwenye kazi zote, kwa sababu mteja mmoja akikasirika wengine husikia. Akaletwa mwandaaji mwingine, akawa anaandika jina lake kwa herufi.

Kuna jioni Mkerezaji anafagia maranda yake, Bafu akapita akaegemea mlango.

"Shaba naijua rangi yake," Bafu akasema. "Ile ilikuwa shaba."

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza mimi? Tena mimi si mumewe."

Akaenda zake. Tangu siku hiyo hakumtania tena Mkerezaji, na kutotaniwa na Bafu kilikuwa kitu kizito.

Kwa mdogo wake alikwenda mara tatu. Mara ya kwanza aliambiwa, "Acha moto upoe, kaka, nitamrudisha." Mara ya pili aliambiwa Bosi anahitaji muda. Mara ya tatu mdogo wake alimshika bega, akamwambia asimfikirie vibaya, kila kitu kina wakati wake. Alikuwa anampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na Mkerezaji, mzima na akili zake, akasimama apakwe. Mwaka haujaisha msimamizi akapata kazi kwenye karakana kubwa zaidi. Alikwenda bila kupita nyumbani kuaga. Alimpa kaka yake mkono pale getini akasema, "Msalimie shemeji."

Salamu hizo Mkerezaji alizifikisha. Mkewe alisema amezipokea.

Siku moja ya mapumziko, mchana, Mkerezaji alitoka kwa kinyozi akamkuta mkewe dirishani jikoni. Alikuwa ameleta pete moja ya zile zilizoharibika. Pembeni yake aliweka kipande cha zamani, kifuniko kidogo walichotumia kwenye mkebe wa chumvi. Vyote viwili alikuwa amevisugua kwa msasa mahali padogo mpaka ngozi ikatoka, alumini ikabaki tupu. Alikuwa na kichupa cha kostiki na kijiti.

Akadondosha tone moja hapa, tone moja pale.

Kifuniko kilitoa povu kidogo kikabaki cheupe. Pete ikawa nyeusi kama siku ile. Kostiki ilikuwa moja, alumini ndizo mbili.

Mkerezaji alisimama mlangoni, shingo bado ina nywele za kinyozi. Mkewe hakugeuka. Alisubiri povu liishe, akavisuuza vyote viwili, akavikausha, akavipanga pale dirishani, kimoja kina doa jeusi, kimoja hakina.

"Utakunywa chai sasa au baadaye?" akauliza.

"Baadaye."

Ilikuwa ni hapo. Ilikuwa ni kufungua mdomo tu. Hata kama angesema neno moja, lolote. Mkerezaji alikwenda chumbani akakaa kitandani, akajikung'uta nywele shingoni kwa muda mrefu. Aliposikia sufuria inawekwa mezani alitoka, wakala, wakazungumza juu ya bomba linalovuja.

Vile vipande vilikaa dirishani. Mke akifuta vumbi alivinyanyua, akapangusa chini yake, akavirudisha. Hakuvizungumzia. Hakumnunia mumewe wala kumnyima kitu. Shati lilifuliwa, kitufe kilishonwa. Ila hakumuuliza tena swali lolote la kazi, wala la mtu, wala la kama mvua itanyesha. Akitaka kujua kitu alikwenda kukitazama mwenyewe. Mume akisema soko limefungwa, alivaa viatu akaenda kuhakikisha. Alikuwa anarudi anasema, "Limefungwa," bila ubaya wowote sautini, anavua viatu.

Na ile mikono ikaanza kupakwa mafuta kila siku. Kwenye kufunga karatasi hakuna anayejali. Ilikuwa laini, inang'aa. Mume hakupata ujasiri wa kuitania.

Mwaka wa nne figo zikaanza kumsumbua. Akaacha kazi, na Mkerezaji naye akaacha ili amtunze. Alimbeba kwenda hospitali na kurudi, akajifunza kupika uji usiwe na mabuja, akajifunza kumwosha. Alimwosha vizuri. Alikuwa na mkono mzito kwa mambo mengine, lakini kuosha aliwahi kufundishwa na Bi Msasa mwenyewe. Mdogo wake alituma ujumbe kwenye simu, akamtakia shemeji afya.

Daktari aliposema ni suala la siku, Mkerezaji alilala, akaamka, akavaa shati safi, akamwomba jirani akae na mgonjwa. Akaenda karakana. Alikuwa hajafika huko mwaka mzima. Bosi alikuwa amezeeka. Alimkaribisha kiti, Mkerezaji akakataa kukaa.

"Fito hazikuwa zile zile," akasema.

Bosi alichukua muda kukumbuka. Alipokumbuka, alivua miwani.

"Zilikuwa nini?"

"Zenye shaba. Mdogo wangu alisahau kuagiza zetu. Alinijulisha. Nilijua tangu maranda ya kwanza."

"Na yeye Bi Msasa?"

"Aliniuliza. Nikamwambia ni zile zile. Halafu na wewe ukaniuliza hapa hapa."

"Miaka minne, mzee. Kwa nini leo?"

"Kwa sababu bado anasikia."

Bosi alivaa tena miwani. Mdogo mtu hayupo, mteja yule alishahama, pete zenyewe ziliyeyushwa zamani. Alivuta karatasi yenye jina la karakana juu, akaandika kwamba kazi ile ya pete za bluu iliharibika kwa sababu ya fito, maandalizi yake hayakuwa na kosa, na karakana inamwomba radhi mwandaaji. Akatia sahihi na muhuri. Mkerezaji hakujua kusoma, akamwomba Bosi amsomee mara mbili, akashika kichwani.

Alirudi nyumbani jua likiwa juu. Jirani akatoka. Bi Msasa alikuwa ameegemezwa kwenye mito, macho wazi.

Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamwambia yote. Fito, mdogo wake, kusahau kuagiza, maranda kama mchele. Alimwambia alifurahi kwanza, hata hilo hakulificha. Kisha akamwambia ile karatasi, neno kwa neno kama alivyosomewa, akaiweka juu ya shuka karibu na mkono wake.

Bi Msasa aliigusa kwa kidole, akahisi muhuri ulipokandamiza karatasi.

"Bosi ameomba radhi?"

"Ameomba."

"Yeye alikosa nini?"

Mkerezaji aliivuta karatasi pembeni. Alikuwa amekuja na neno moja la kwake mwenyewe, amelibeba njia nzima, na sasa lilikuwa dogo mno. Alilisema hivyo hivyo. "Nisamehe."

Mkewe alimtazama. Safari hii alimtazama moja kwa moja, si kwa pembeni.

Aliishi siku kumi na moja baada ya hapo. Alizungumza mambo mengine: mto ulio juu sana, uji, jirani arudishiwe bakuli lake. Kuhusu jambo hili alisema mara moja tu, mchana ule, na alisema hivi:

"Miaka ishirini na saba nilisikiliza mikono yangu. Siku moja tu nikakusikiliza wewe."